Maneno ya Kuinuka Niliyoyaandika kwa Jina Lako

Mwanangu Lena,

Mama yako alikuja kwenye mahafali yako ya darasa la saba. Alishuka njia panda kabla ya saa nne asubuhi, akiwa na kiroba cha vitunguu na gauni la bluu ambalo sikuwahi kumwona nalo. Mimi ndiye niliyemrudisha Baray. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si Bibi, si padri, na nimeliandika hapa juu kabisa ili nisije nikafika mwisho wa karatasi nikiwa nimezungumza mengine yote isipokuwa hilo.

Umetoka sasa hivi kwenda kunyolewa. Nimekuona ukikata kona ya kwa fundi baiskeli huku umejishika nywele kwa mkono mmoja, na najua foleni ya leo ni ndefu kwa sababu kila msichana anayeripoti bweni kesho yuko pale. Kwa hiyo nina muda. Nitaiweka barua hii kwenye tranka lako, kati ya shuka na blanketi, uikute ukiwa umeshafika. Habari za sabuni, kufuli, ndala, na mtu wa kumkabidhi fomu ya daktari, Bibi amekwisha kukuambia mara nne. Mimi sitazirudia.

Najua wenzako walikucheka kwa sababu ninakuita mwanangu. Nina miaka kumi na tisa na wewe kumi na nne, na hata kwa kimo umeshanipita. Lakini mdogo wa mama ni mama, na sisi hatukusema tu. Mimi ndiye niliyekwenda kwenye vikao vya wazazi wa darasa lako nikiwa nimevaa sare yangu ya sekondari, nikikaa benchi la nyuma karibu na mlango na kuomba nisiulizwe maoni. Siku moja mwenyekiti wa kamati alinionyesha kidole akasema mwanafunzi atoke nje, kikao ni cha wazazi. Nilitoka. Nilisikiliza nikiwa dirishani, nikaandika yote, nikamletea Bibi. Nakukumbusha hili si ili unishukuru. Nataka ujue kwamba nilizoea kuwa mama yako, na mazoea hayo nayashuku. Nitafika huko.

Unamfahamu Kaka Faustini, dereva wa watalii tunayesali naye, anayepanda na kushuka kreta, lile bonde la wanyama, kila wiki na wageni. Wageni wakimuuliza wafanye nini kwa ajili ya watoto wa Karatu, yeye huwatafutia mtoto. Mwaka jana, mwezi wa sita, alimwambia Bibi kwamba kuna mama mmoja mgeni anataka kumsomesha msichana mmoja anayemaliza la saba, kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, katika shule nzuri ya bweni. Mtoto aandike barua kwa Kiingereza, aeleze maisha yake. Kiingereza chako wakati ule kilikuwa cha kusema jina lako, umri wako, na kwamba unapenda wali. Kwa hiyo niliandika mimi, kwa jina lako.

Kaka Faustini alinipa daftari lake nilitumie. Ni daftari dogo lenye jalada gumu, ambalo huandika ndani yake maneno anayoyasikia kwa wageni ndani ya gari, ili kesho yake naye ayatumie. Kuna ukurasa wa ndege, ukurasa wa hali ya hewa, ukurasa wa kuomba radhi gari likiharibika. Na kuna ukurasa mmoja aliouandika juu yake, kwa herufi kubwa, MANENO YA KUINUKA. Umejaa mpaka pembeni.

"Hawa watu wana maneno ya kuinuka kuliko sisi tulivyo na maneno ya mahindi," aliniambia. "Kila mgeni ana lake. Mmoja kafiwa, mwingine kaachwa, mwingine kafukuzwa kazi, halafu wote wanakuja kuangalia simba na kuniambia wameshainuka."

Nilicheka. Sikujua kama na yeye alikuwa anacheka.

Barua ya kwanza niliandika ukweli. Kwamba unaishi na bibi yako na mama yako mdogo. Kwamba mama yako analima vitunguu vya watu huko Baray pamoja na vibarua wa kutoka Singida na Dodoma, na anakuja kukuona anapoweza. Kwamba unapenda hesabu. Nikampelekea Kaka Faustini gereji, akiwa amelala chini ya gari na miguu tu ndiyo inaonekana. Alitoka, akapangusa mikono, akaisoma yote. Aliirudia mara mbili.

"Tere," akasema, "Kiingereza kimenyooka. Ila barua imepooza."

Nikamuuliza imepooza namna gani.

"Huyu mtoto kainuka kutoka wapi? Mama yupo, bibi yupo, chakula anakula. Mgeni anataka kwanza alione shimo. Asipoliona shimo, atajuaje kwamba mtoto ametoka?" Kisha akanirudishia karatasi akiishika kwa ncha za vidole ili isipate grisi. "Sikuambii uongeze chumvi. Nasema tu imepooza."

Kwa miezi mingi nimemchukia kwa maneno hayo. Nilikuwa nikimwona kanisani ninajiuliza ni watoto wangapi amewaambia barua zao zimepooza, na wao wakaenda kuongeza nini. Lakini kila nikiyarudia maneno yake sioni mahali aliposema nimuue mtu. Hilo nilifanya mwenyewe. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kwenye meza yetu, Bibi akichambua maharage upande wa pili na kuniambia niandike vizuri kwa sababu mkono wangu ni mzuri. Niliandika kwamba mama yako alifariki ukiwa na miaka mitano. Kwa Kiingereza ni maneno saba tu. Bibi alikuwa ananiangalia usoni, akatabasamu.

Baada ya maneno hayo saba, barua ilikwenda yenyewe. Ule ukurasa wote wa Kaka Faustini ukapata kazi. Niliandika kwamba ulianguka na uka-"bounce back", yaani ukadunda kama mpira. Kwamba uliokota vipande vya maisha yako. Kwamba umesimama tena kwa miguu yako. Kwamba huzuni umeshaivuka na sasa unatazama mbele. Kabla ya hapo maneno hayo yalikuwa yamekaa tu daftarini kama vyombo vya wageni kabatini, na mimi nikadhani ni maneno mazuri. Siku ile nikaona kwamba hayafanyi kazi mpaka kwanza umtupe mtu shimoni.

Tangu hapo siyaamini. Nitakueleza kwa nini, kwa sababu huko uendako utayasikia sana, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia, na watakaokuambia watakuwa watu wazuri.

Hilo la kudunda kama mpira, kwa mfano. Mpira unaodunda ni wa dukani, wenye upepo ndani. Sisi mipira yetu ilikuwa ya matambara na nailoni, unakumbuka, na ukiipiga chini inatoa mlio wa pu na kukaa palepale. Hakuna aliyeusema vibaya mpira wa matambara. Tuliufuata tukaupiga tena. Na hilo la kuvuka, wanaoandika hivyo nadhani hawajaona korongo letu la nyuma ya shamba. Nilipokuwa mdogo nililiruka kwa hatua moja. Mvua za kila mwaka zimelila, na sasa kufika ng'ambo unazunguka mpaka kwenye daraja la miti, dakika ishirini. Ukimwona mtu yuko ng'ambo huwezi kujua kama aliruka au alizunguka. Yeye pia hatakuambia, hasa akiwa ameulizwa mbele ya watu.

Mimi mwenyewe niliwahi kusifiwa kwamba nimeinuka. Nilipofeli kidato cha pili nikarudia darasa, wewe ulikuwa la tatu. Wiki mbili tu baada ya shule kufunguliwa mwalimu wa darasa aliniita mbele akasema, tazameni mwenzenu, ameanguka na ameinuka, hana hata huzuni. Wakanipigia makofi. Ukweli ni kwamba kila mapumziko nilikuwa najificha nyuma ya stoo ya mahindi na kamusi ili wale waliokuwa wenzangu, ambao sasa walikuwa kidato cha tatu, wasinione. Kiingereza changu kizuri kilitoka huko. Watu wanakisifia, na mimi kila wakikisifia nasikia harufu ya magunia. Baada ya yale makofi sikuweza tena kumwambia mtu kwamba bado ninaumia, maana ningekuwa nimemdanganya mwalimu. Ilinichukua mwaka mzima, na mwisho wake haukuwa wa kishujaa. Ni kwamba siku moja nilikaa na wenzangu wapya kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha kule nyuma, na kesho yake nikakaa nao tena.

Nimwambie nani hayo? Nakuambia wewe.

Sasa kuhusu siku yenyewe. Mama yako alikuahidi tangu Pasaka kwamba atakuja kwenye mahafali yako, na wewe ulimwekea kiti. Mwalimu alisema kila mhitimu ana viti viwili, ukaandika kwenye karatasi "Bibi" na "Mama", ukazibandika kwa utomvu wa ule mti wa kwenye ua wa shule. Wiki moja kabla, Kaka Faustini alileta habari kwamba yule mama mgeni amekuchagua, na kwamba yuko Karatu, na atakuja kwenye mahafali ili akuone, kwa kuwa haendi porini siku hiyo. Bibi alipiga vigelegele mpaka jirani akaja. Wewe ulinikumbatia ukasema, "Mamdogo, umeandika nini mpaka wamenipenda hivi?"

Mimi nilikwenda chooni nikakaa huko.

Siku mbili kabla, mama yako alipiga simu ya Bibi, na Bibi alikuwa shambani. Nikapokea mimi. Alisema anakuja, amepata lifti ya lori la vitunguu, na ameshona gauni. Nilisema sawa, dada. Sikumwambia yeye asije, na wala sikuwaambia ninyi kwamba amepiga. Unaona jinsi nilivyofanya. Mtu mwenye haya kama mimi hasemi uongo mkubwa kwa mdomo. Ananyamaza tu mahali ambapo alipaswa kusema, na watu wanamwita mpole.

Asubuhi ya mahafali nilimwambia Bibi nakwenda kutafuta mashada ya maua, yale ya karatasi za kung'aa. Nikaenda njia panda. Alikuja nyuma ya bodaboda, kiroba kimekaa kati yake na kijana dereva, na yule kijana alikuwa anamtania.

"Mama, hili gunia umeolewa nalo? Nimekuambia nilifunge nyuma hutaki."

"Wewe endesha," mama yako akamjibu. "Hili lina adabu kuliko wanaume wote niliowabeba."

Alishuka akicheka. Aliniona, akaniita mdogo wangu, akanishika mashavu kwa mikono yake inayonuka vitunguu, akauliza mwanawe yuko wapi. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kusema kwamba mahafali yameahirishwa. Midomo ikakataa. Nikamwambia ukweli, papo hapo barabarani, na magari ya watalii yakipita na vumbi lao.

"Nimeandika kwamba umekufa, dada. Kwenye barua ya mfadhili. Na mfadhili yuko pale shuleni."

Hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Alikaa juu ya kiroba. Aliuliza shule yenyewe ni ipi, nikamtajia, akasema aliwahi kuliona basi lake, watoto wana soksi nyeupe. Aliuliza ni miaka mingapi. Nikasema minne. Akatazama njia ya kwenda shuleni kwenu, ambako spika zilikuwa zimeshaanza kujaribiwa, unasikia mtu anasema moja mbili, moja mbili.

"Basi nitakufa miaka minne," akasema. "Yesu alikaa siku tatu tu, lakini yeye hakuwa na ada ya shule." Alicheka kidogo, nami nikajua kicheko kile ni cha aina gani, kwa sababu ndicho nilichocheka siku ya yale makofi ya kidato cha pili. Kisha akaniambia: "Usimwambie kwamba nilikuja. Akijua nilikuja nikarudi, atanifuata. Asifuate vitunguu. Niahidi, Tere."

Nikaahidi. Akaniachia kiroba. Yule kijana wa bodaboda alikuwa bado yupo, anazungumza na wenzake, akashangaa kumwona anapanda tena. Hakumtania safari hii.

Nilirudi na mashada na vitunguu. Nilisema vitunguu nimepewa na mama mmoja wa jumuiya. Walipoita wazazi mbele wawavishe watoto, Bibi alikataa kwa sababu ya magoti, akanisukuma mimi. Kiti chenye karatasi ya "Mama" kilikuwa bado kitupu nilipoinuka kwenye kiti cha nyuma na kuja mbele. Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Nilipokuwa ninakuvisha lile shada na watu wanapiga makofi, kwa muda mfupi sana nilifurahi. Nilifurahi kwamba ni mimi. Kwa hiyo sijui, Lena. Nimejiuliza mara nyingi kama nilimrudisha mama yako kwa ajili ya shule yako peke yake, au kama ndani yangu kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa amechoka kukaa benchi la nyuma. Nikisema nilifanya yote kwa ajili yako, usiniamini moja kwa moja. Mimi siamini.

Yule mama mgeni alikukumbatia akilia, akaniambia mimi juu ya kichwa chako moja ya yale maneno ya daftarini. Nawe ukaniuliza kwa nini analia. Nilikujibu kwamba amefurahi. Halafu ukatazama kile kiti, ukasema, "Atakuwa ana kazi nyingi," kwa sauti ya kawaida kabisa, ukaenda kupiga picha na wenzako.

Tangu siku ile kila mtu anakusifu. Jirani anasema Lena amekuwa mtu mzima, hamuulizii mama yake tena. Bibi anasema Mungu amekupoza. Kwenye siku za mnada zamani ulikuwa unakaa getini kuangalia wanaoshuka kutoka Baray, na sasa hukai. Unacheka sana. Unafua kabla hujaambiwa. Na mimi nimekuangalia kama askari anavyomwangalia mtu aliyebeba begi kubwa, kwa sababu najua kinachokaa nyuma ya makofi. Nimeona kwamba huli vitunguu. Unavitoa kimoja kimoja, unavipanga pembeni mwa sahani, hata vile vilivyokaangwa mpaka vikalainika. Siku nilipoleta kile kiroba ulikishika kamba yake, ile ya katani nyekundu ambayo mama yako hufungia, ukaniuliza mama gani wa jumuiya. Nilitaja jina. Ulisema, "Sawa, Mamdogo." Sijui kama ulijua. Mara nyingine usoni mwako naona kwamba unajua na unanisubiri mimi. Mara nyingine naona kwamba nakushuku bure, na wewe ni mtoto tu asiyependa vitunguu.

Kama ulijua na ukanyamaza, basi umejifunza kwangu, na hilo linaniuma kuliko mengine.

Nilimuuliza Bibi, bila kumwambia sababu, watu wa zamani walifanya nini mtu akipatwa na jambo zito. Akasema kwetu Wairaqw nyumba iliyopatwa ilijitenga. Hawakuombana moto na majirani, hawakuchanganya ng'ombe wala maji, hawakwenda kwenye sherehe, miezi mingine mpaka mwaka. Nikasema hiyo ni adhabu. Bibi akasema ndiyo, wengi iliwaonea, hasa wasichana. Mama yako mwenyewe alipopata mimba yako bila ndoa, Babu alimtoa nyumbani kwa desturi hiyohiyo, na Bibi hajamsamehe Babu mpaka leo ingawa amekufa. Lakini akaongeza kitu: "Ila hakuna aliyekuja kukuuliza mlangoni kama umeshapona." Nimelibeba hilo. Sitaki desturi ile irudi. Nataka tu kile kipande chake kimoja, cha kutoulizwa haraka.

Na akanionyesha kibuyu chake cha zamani, kile kilichoning'inia jikoni, kilichopasuka na kushonwa kwa ukano. Nilidhani amekishona ili kiendelee kushika maziwa. Kumbe hakishiki maziwa tena, yanavuja kwenye matundu ya sindano. Anawekea mbegu za maboga. Anasema kimekaa na mbegu miaka mingi kuliko kilivyokaa na maziwa. Sikupata neno la Kiingereza la jambo hilo kwenye ukurasa wa Kaka Faustini, na nilitafuta.

Sasa ninakuambia haya kwa sababu mbili, na moja ni ya woga. Yule mama mgeni atakuandikia huko shuleni. Wewe una akili, Kiingereza chako kitakua upesi, na siku moja utasoma anavyokupa pole kwa ajili ya kifo cha mama yako ukiwa peke yako kwenye kitanda cha bweni. Nataka uwe umeshasikia kwangu.

Sababu ya pili ni kwamba nitamwambia ukweli. Nimeanza kuiandika barua, ya tatu sasa, na hii ina jina langu. Nilitaka kwanza nikuulize ruhusa. Nikajishuku. Nikikuuliza, ukasema hapana, uongo unakuwa wako. Ukasema ndiyo na shule ikapotea, kosa linakuwa lako. Ni mimi niliyeandika, nitaandika tena. Kaka Faustini nitamwambia Jumapili, mwanzo wa wiki barua iende. Inawezekana yule mama akaelewa. Inawezekana akakasirika na ukarudishwa nyumbani, na ukanichukia, na utakuwa na haki. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa sekondari ya kata wiki iliyopita, nikasimama mlangoni kwake mpaka akaniuliza nina shida gani, na amesema jina lako bado liko kwenye orodha yao hadi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo shule unayo, hata kama si ile ya soksi nyeupe. Nimeona nikueleze hilo wazi, usije ukalala ukihesabu mambo.

Huko ukipatwa na jambo, ukifeli, ukidhihakiwa, ukimlilia mama yako, usifanye haraka kuniandikia kwamba umeinuka. Niandikie kwamba uko chini. Nitakuja, au nitakaa nikijua. Na mtu akikusifu upesi kwamba umeshapona, mwangalie vizuri, ujiulize moyoni mwako ni nani anayetaka jambo hilo liishe, wewe au yeye. Anaweza kuwa anakupenda kweli. Mimi nilikuwa nakupenda.

Nasikia geti. Si wewe, ni mbuzi wa jirani. Namalizia.

Likizo fupi ni mwezi wa nne. Basi la shule litawashusha Karatu, na kutoka Karatu magari ya Baray yapo. Sikutumi. Nimekwisha kukuamulia mambo mengi mno. Kama hutaki kumwona, au bado, kaa mpaka utakapotaka, na mtu asikuharakishe, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini ukienda, usimwulizie kwa jina lake la Yasinta. Nilimuuliza yule kijana wa bodaboda, akacheka, akasema huko mashambani hakuna anayelijua jina hilo. Mwulizie Mama Lena. Wanamwita hivyo wote, vibarua, wanunuzi, mpaka watoto, na tangu siku ile hajawaambia waache.

Nami nimemwahidi kwamba sitakuambia, na hii ndiyo ahadi niliyoivunja kwa kuandika. Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, ukishaisoma barua hii ichane. Usimwonyeshe Bibi, na mama yako usimwambie kwamba niliiandika. Hutakuwa umemdanganya, kwa sababu ukienda utakuwa umekwenda kwa miguu yako na kwa kutaka kwako. Acha yeye asijue kitu. Akuone tu umesimama mlangoni, adhani ulimtafuta mwenyewe mpaka ukampata.

Ni mimi, mama yako mdogo,
Tere